Kutu na Chulebuni: Namna ya Kuilinda Mibuni ya Nyumbani



Katika mazungumzo haya twataka kuwaelezeni habari za maradhi mawili yanayoishambulia mibuni, yaani kutu ya majani na chulebuni. Twasema hasa na wale wenye mibuni michache iliyopandwa kuizunguka nyumba, kama ilivyo desturi katika vihamba vya Kilimanjaro, na katika Meru, na katika nyanda za juu za Kenya. Huko mbuni ni mti wa bustani. Haupukutishi majani yake kwa msimu, bali hukaa mbichi mwaka mzima, chini ya migomba, kando ya mboga na zizi la mbuzi. Mwenye shamba kubwa ana wataalamu wake na mashine zake na daftari la gharama. Mwenye mibuni mia mbili hana ila macho yake, na mikono yake, na mikono ya jamaa zake. Na mibuni hiyo ndiyo karo ya shule, na ndiyo bati la nyumba. Kwa hiyo yampasa ayajue maradhi haya kama mfugaji ayajuavyo maradhi ya ng'ombe wake.

Kabla ya mengine yote, twalitaka neno moja likae moyoni mwa kila msikilizaji, nalo ni hili: dawa ya maradhi haya ni ngao, wala si tiba. Ngao hushikwa kabla mkuki haujarushwa. Jani lililokwisha kuingiwa na kutu halirudi kuwa zima, wala buni iliyokwisha kuoza haiponi. Watu wengi hununua dawa waonapo uharibifu, kisha wakaona haikufaa kitu, wakasema, "Dawa hizi ni bure." Dawa haikuwa bure, ilikuja baada ya mgeni kuingia na mlango kufungwa.

Na tuanze kwa kuyatambua maradhi yenyewe.

Yote mawili huletwa na kuvu, yaani vimelea vya jamii ile ile ya ukungu uotao juu ya mkate uliolala, au uyoga uotao penye gogo bovu. Kuvu haina mbegu kama mahindi, ila hutoa vumbi jembamba mno, na kila chembe ya vumbi hilo yaweza kuota na kuwa kuvu nyingine. Chembe hizo hazioti pakavu, zahitaji maji. Hii ndiyo sababu maradhi haya hufuata mvua, na umande, na ukungu wa asubuhi.

Kutu ya majani hujulikana kwa kulipindua jani. Juu ya jani utaona madoa ya manjano hafifu, kama tone la mafuta lililoingia katika karatasi. Chini ya jani, mahali pale pale, utaona unga wa rangi ya chungwa, na ukiupitisha kidole hukushika. Chembe za unga huo huchukuliwa na upepo, na matone ya mvua, na nguo za watu wapitao. Zikiangukia jani lenye maji huota, zikaingia kwa vitundu vidogo ambavyo jani hupumulia, navyo viko upande wa chini. Majuma kadhaa hupita bila ya kuonekana neno, kisha unga hutokea. Kwa hiyo siku uonapo doa la kwanza, ujue kuwa adui ameingia zamani. Kutu haili buni zenyewe, lakini huangusha majani, na mti usio na majani hauna jiko la kupikia chakula chake. Tena mbuni huzaa katika sehemu za matawi zilizokua msimu uliotangulia. Mti uliopukutishwa mwaka huu haukuzi matawi ya kutosha, na hasara yake huonekana mwaka ujao. Kutu hupenda zaidi mahali penye joto la kadiri, hasa mashamba ya chini ya mlima.

Chulebuni ni maradhi mengine kabisa. Haya hupenda baridi na unyevu, basi huwa makali katika mashamba ya juu. Hayashiki majani bali buni changa, hasa tangu juma la nne hata la kumi na nne baada ya maua, wakati buni ziko kijani na zinanenepa upesi. Huanza doa dogo jeusi lililobonyea, likaenea, mpaka buni yote ikaoza. Nyingine huanguka, na nyingine hukauka juu ya tawi, nyeusi kama makaa. Pasipo kinga, katika mwaka wenye mvua nyingi, mkulima aweza kupoteza sehemu kubwa kuliko ile atakayoivuna. Walakini si kila doa ni la kuogofya. Yako madoa ya rangi hafifu, makavu kama kigaga, ambayo hayazami ndani. Hayo ni alama kwamba buni imeshindana na kuvu ikaishinda, na buni ya namna hiyo aghalabu huendelea kukua.

Wasikilizaji wetu wenye mibuni ya robusta, kama wale wa Kagera na wa Uganda, wana nafuu katika jambo hili, kwa kuwa robusta kwa kawaida haishikwi na chulebuni, na huistahimili kutu vizuri kuliko arabika. Habari zetu za leo ni za arabika.

Mtu aweza kuuliza, je, maradhi haya yaweza kweli kuiangamiza nchi? Jibu lake liko katika habari za kisiwa cha Ceylon, ambacho leo huitwa Sri Lanka. Katika karne ya 19 kisiwa hicho kilikuwa miongoni mwa nchi zilizouza kahawa nyingi kabisa duniani. Mwaka 1869 kutu ilionekana huko. Milima ilikuwa imepandwa mibuni tupu, shamba likipakana na shamba, na upepo ukapata njia wazi. Katika muda wa miaka ishirini hivi kilimo cha kahawa kilianguka, mibuni ikang'olewa, na mahali pake ikapandwa michai. Chai ya Ceylon isifiwayo leo ilipandwa juu ya kaburi la kahawa.

Kati ya mwaka 1880 na 1882 mtaalamu wa mimea wa Kiingereza, Harry Marshall Ward, alikuwa katika kisiwa hicho akiichunguza kutu. Alionyesha jinsi chembe zake zinavyochukuliwa na upepo na kuota juu ya jani lenye maji, akafahamu kwamba dawa, ikiwa itafaa, sharti iwe juu ya jani kabla chembe haijaota. Hilo ndilo neno letu la ngao. Ward alijua wakati wa kutia dawa, lakini dawa nzuri yenyewe ilikuwa haijapatikana.

Ilipatikana Ufaransa, tena kwa sababu ya wezi. Katika wilaya ya Médoc, karibu na mji wa Bordeaux, wenye mashamba ya mizabibu walikuwa wakiipaka mizabibu ya kando ya barabara mchanganyiko wa mrututu na chokaa, ili wapita njia waione rangi ile ya buluu wakaogopa kuziiba zabibu. Mwaka 1882 Profesa Millardet aliona kwamba mizabibu iliyopakwa ilikuwa na majani yake, hali mingine ilikuwa imepukutishwa na maradhi. Akafanya majaribio, na mwaka 1885 akautangaza mchanganyiko huo. Hata leo waitwa mchanganyiko wa Bordeaux, na mrututu, yaani chumvi ya shaba yenye rangi ya buluu, bado ni msingi wa dawa nyingi za mibuni.

Nasi Afrika ya Mashariki tuna historia yetu. Chulebuni ilitambuliwa kwa mara ya kwanza magharibi mwa Kenya mwaka 1922. Mwaka 1964 ilikuwa imefika Kilimanjaro, na mwaka 1971 ikaonekana Ethiopia, kwenye asili ya kahawa ya arabika. Kutu nayo ilivuka bahari ikafika Brazil mwaka 1970, na mwaka 2020 ikafika Hawaii. Adui huyu hachoki kusafiri. Basi nasi tusichoke kulinda.

Sasa tuje kwenye kinga. Ziko nne, nazo husaidiana kama mafiga. Ukiondoa moja, chungu hupinduka.

Kinga ya kwanza ni mkasi wa kupogolea. Kuvu yataka maji yakae juu ya jani. Sisi twataka jani likauke upesi. Mbuni uliosongamana kama kichaka hushika umande mpaka saa tano za asubuhi. Mbuni uliopogolewa hupata jua na upepo ukakauka mapema. Kila baada ya mavuno, ondoa matawi yaliyokufa, na yaliyovunjika, na yale yanayoelekea ndani karibu na shina. Machipukizi yanayoota chini yang'olewe yangali laini, yakaachwa mawili au matatu tu ya kuwa mashina ya baadaye. Shina lililozeeka likatwe kuwa kisiki, lipate kutoa shina jipya. Migomba na miti ya kivuli ipunguzwe pia; kivuli kidogo huulinda mbuni, lakini kivuli kizito huufanya kuwa nyumba ya ukungu. Tunajua kuwa watu huona uchungu kuukata mti wenye majani mazuri. Wahenga walisema, mchelea mwana kulia, hulia yeye. Tena mbuni mfupi ulio wazi ni rahisi kupuliziwa dawa. Mbuni mrefu uliofungamana huinywa dawa nyingi na ndani ukabaki mkavu.

Kinga ya pili ni usafi na chakula. Buni nyeusi zilizokauka mtini ni ghala la chulebuni. Humo kuvu hungojea mvua nyingine. Kadhalika buni chache zilizozaliwa nje ya msimu hulea maradhi mpaka msimu mkubwa ufike. Mavuno yakiisha, pita kila mti uziondoe zote, uzifukie. Kisha ulishe mti wako. Mbuni wenye samadi na matandazo hustahimili mengi, na ukipoteza majani huyarudisha upesi. Mbuni wenye njaa ukipigwa mara moja hauinuki. Usipite katika mibuni wakati majani yamelowa, kwa kuwa nguo zako huchukua unga wa kutu toka mti hata mti.

Kinga ya tatu ni dawa, na hapa twaomba mtusikilize kwa makini.

Dawa ya mrututu hufanya kazi ikiwa juu ya jani kabla ya chembe kuota. Kwa hiyo mpulizio wa kwanza huwa mvua zikaribiapo, wala si mvua zikiisha. Na hurudiwa kila baada ya majuma matatu au manne wakati wa mvua, kwa kuwa mvua huiosha, na majani mapya na buni zinazonenepa huwa hazina ngao. Kwa ajili ya kutu, kichwa cha bomba kielekezwe juu toka chini, ili dawa ifike upande wa chini wa jani, maana huko ndiko uliko mlango. Kwa ajili ya chulebuni, dawa ifunike buni na matawi yanayozaa, kuanzia kileleni, kwa sababu chembe zake hushuka na maji ya mvua toka matawi ya juu kuja ya chini.

Msianze kazi hii kisha mkaiacha njiani. Wataalamu wa Kenya wameona kuwa mibuni iliyopuliziwa mara moja mbili kisha ikaachwa yaweza kuwa na chulebuni nyingi kuliko ile isiyopuliziwa kabisa. Sababu yake yaeleweka: juu ya magamba ya matawi huishi vimelea vingine visivyodhuru, ambavyo hushindana na kuvu ya chulebuni, dawa huviua pamoja nayo, na dawa ikiisha nguvu, adui hukuta uwanja mtupu. Basi kabla ya msimu kuanza, mtu apige hesabu: je, nina fedha za kufikisha mwisho? Ikiwa fedha hazitoshi kwa mibuni mia mbili, ni heri kuihudumia mia moja barabara, kuliko kuzigawanya kwa yote na kupata hasara katika yote.

Wengi siku hizi hununua unga wa mrututu uliokwisha kutayarishwa kiwandani, nao wafaa. Kipimo kifuatwe kama kilivyoandikwa juu ya pakiti. Anayetaka kuchanganya mwenyewe, kipimo cha kawaida ni kilo 1 ya mrututu, na kilo 1 ya chokaa, kwa lita 100 za maji. Yaani, kwa debe moja la lita 20, gramu 200 za kila kimoja. Mrututu huyeyushwa mbali na chokaa huchanganywa mbali, kisha maji ya mrututu humiminwa polepole katika maji ya chokaa huku mtu akikoroga. Chombo kiwe cha mti au cha plastiki, wala si cha chuma, kwa kuwa mrututu hula chuma. Chovya kisu safi cha chuma kwa muda mfupi. Kikitoka chekundu kama shaba, chokaa haijatosha, uongeze. Chuja kwa kitambaa, upulizie siku hiyo hiyo, maana ikilala huharibika.

Ziko pia dawa nyingine za siku hizi, ambazo huingia ndani ya jani na kuizuia kutu changa isiendelee. Hizo zatakiwa zitumike kwa shauri la bwana shamba. Lakini hata hizo hazilifufui jani lililokwisha kufa.

Neno la hadhari: dawa ya kuvu ni sumu. Mwenye kupulizia avae glavu, buti, miwani, na nguo ya mikono mirefu; asile wala asivute sigara; aupe upepo mgongo; na watoto wakae mbali. Maji ya kusafishia bomba yasimwagwe mfereji wala mtoni, kwa kuwa shaba huua samaki. Wala tusipulizie kupita haja. Shaba haiozi, hukaa katika udongo mwaka baada ya mwaka.

Kinga ya nne ni miche yenye ukinzani. Katika kisiwa cha Timor uligunduliwa mbuni uliozaliwa na arabika na robusta pasipo mkono wa mtu, nao una nguvu ya kuishinda kutu. Damu ya mti huo imeingizwa katika mbegu nyingi za leo. Kenya ilitoa Ruiru 11 mwaka 1985, na Batian mwaka 2010. Na Tanzania, chuo cha utafiti wa kahawa kilichoko Lyamungo, Kilimanjaro, kimezalisha aina zake zinazokinza kutu na chulebuni zote mbili. Mkulima mwenye uwezo mdogo hana fedha za kupulizia kila msimu. Kwake yeye, kubadilisha miti michache kila mwaka, akianza na ile iliyozeeka, ni njia nyepesi kuliko zote. Walakini asidhani kwamba ukinzani ni wa milele. Kuvu nayo hubadilika. Huko Honduras, aina iitwayo Lempira ilisifiwa kwa kuishinda kutu, na mwaka 2017 ikatangazwa kuwa kutu imeishinda yenyewe. Basi hata mwenye miche mipya asiutupe mkasi.

Limebaki neno moja, nalo lahusu jirani. Kihamba hakina ukuta. Upepo hauulizi mpaka uko wapi, wala tone la mvua halijui hati ya ardhi. Mtu mmoja akiilinda mibuni yake vizuri sana, na jirani yake akaiacha mibuni yake kuwa pori, yule wa kwanza hulipa gharama ya wote wawili. Mara nyingi kihamba kilichoachwa si cha mtu mvivu. Ni cha mjane mzee, au cha kijana aliyekwenda mjini kutafuta kazi. Kumsema vibaya hakutasaidia kitu. Yafaa watu wa kitongoji wapatane siku moja ya kupogoa, na siku moja ya kupulizia, na bomba moja litumike kwa zamu, na mibuni ya asiyejiweza ihudumiwe pamoja na ya wengine. Asiyeweza kuitunza tena, na apewe shauri la wema kuing'oa na kupanda kitu kingine, kuliko kuiacha iwe ghala la maradhi ya mtaa mzima. Kule Ceylon kutu haikuingia katika shamba moja ikaishia hapo. Ilikula kisiwa kizima.

Basi mvua zijapo, msiyangoje madoa. Leo, jani likiwa bado safi, lipindueni mlitazame. Upogoeni mti ukiwa bado na nguvu. Tengenezeni bomba kiangazi, wala si siku ya mvua ya kwanza. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na ukuta wa mbuni huchukua miaka mitatu kujengwa, maana huo ndio muda wa mche mpya kuanza kuzaa.